Foleni ya kupima usonji: usubiri hapo hapo mkoani, umpeleke mjini, au apimwe kwa video?

Kama unasoma hii najua ulipo. Mwalimu wa chekechea au nesi wa kliniki kakuambia huyu mtoto akaangaliwe usonji, ukapewa karatasi ya rufaa, ukapiga simu, ukaambiwa jina limeingia, utapigiwa. Lini? Utapigiwa. Alafu wifi yako anakwambia mpeleke mjini huko ni chap chap, jirani anakwambia mjini ndo foleni haisogei kabisa, mwingine kasikia siku hizi wanapima hata kwa video, na wewe uko hapo na simu mkononi, mtoto anazungusha mfuniko wa sufuria sakafuni mzunguko wa mia na ngapi sijui, hujui ushike lipi uache lipi.

Mimi nilijaribu zote tatu, moja kwa kukusudia na mbili kwa kuchanganyikiwa. Tunakaa mbali, basi la kwenda mji mkubwa linatumia saa saba. Naandika nilichokiona na nilichojifunza, sikuchagulii, maana iliyonifaa mimi inaweza isikufae wewe.

Kwanza, kwa nini foleni haisogei

Usonji hauna kipimo cha damu. Picha ya ubongo haiuonyeshi pia. Anayempima mtoto anafanya mambo mawili makubwa, anamwangalia mtoto na anakuhoji wewe, na yote mawili yanakula muda. Kile kipimo cha kucheza na mtoto kinachotumika sana, ADOS-2, ni dakika 40 hadi 60 za mtu mmoja na mtoto mmoja, na hapo bado hajakaa kuweka alama. Mahojiano marefu ya mzazi, yale ya ADI-R, yana maswali 93 na yanaweza kwenda saa moja na nusu hadi mbili na nusu, unaulizwa mpaka alianza lini kunyoosha kidole ili akuonyeshe kitu. Ongeza kipimo cha masikio (mtoto asiyeitika jina lazima kwanza ijulikane kama anasikia), ongeza mtaalamu wa spichi, ongeza kikao cha wao kukubaliana, alafu ripoti iandikwe. Kwa hiyo ukiambiwa foleni usifikirie moja. Ni foleni nne tano zimefungwa pamoja, ukitoka hii unaingia ile.

Na sio kwetu tu. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu kule Uingereza, unataka tathmini ianze ndani ya miezi 3 tangu rufaa, na bado kuna familia kibao huko zinasubiri zaidi ya mwaka. Marekani, kwenye takwimu za 2022, nusu ya watoto wenye usonji walikuwa wameshavuka miezi 47 walipopata jibu kwa mara ya kwanza, karibu miaka minne, wakati mtaalamu mzoefu anaweza kuutambua kwa mtoto wa miaka 2. Sio muda wote huo ni foleni. Wengine tulichelewa wenyewe kwa sababu kila mtu alituambia "wavulana huchelewa kuongea". Lakini foleni nayo imo humo humo.

Vigezo, kabla hujalinganisha chochote

Cha kwanza, na kwangu ndo kikubwa kuliko vyote: hesabu hadi siku ya kushika ripoti mkononi, usihesabu hadi siku ya miadi. Kuna sehemu watakupa miadi baada ya wiki tatu, unafurahi, kumbe hiyo ni ya kujaza fomu na kumpima mtoto urefu. Ukipiga simu usiulize "nafasi iko lini", uliza "mtoto aliyeingia kwenye listi kama wangu, familia yake inapata ripoti baada ya muda gani?" Watasita kidogo, wasubiri tu, watakwambia.

Cha pili ni nani atakayekaa na mtoto, ni mtu mmoja au timu, na je, anaongea lugha mnayoongea nyumbani? Hili watu wanalipuuza. Mtoto anayesikia lugha moja nyumbani akapimwa kwa ingine ataonekana kimya kuliko alivyo. Lugha mbili hazimletei mtu usonji, ila zinaweza kumchanganya anayepima kama hajaambiwa.

Cha tatu, mtoto atakuwa na hali gani siku hiyo. Cha nne, ripoti itakubalika wapi, maana shule au ofisi inayotoa huduma inaweza kutaka isainiwe na watu fulani tu. Na nini kinafuata baada ya jibu, kwa sababu jibu bila mtu wa kukushika mkono ni karatasi.

Haya, tuzipitie moja moja kwa vigezo hivyo hivyo.

1. Kusubiri huko huko mkoani

*Muda.* Foleni ya mkoani ni fupi kwa majina na ndefu kwa siku. Kwenye listi mnaweza kuwa watoto wachache tu, ila mtaalamu ni mmoja, au ni timu inayotembelea kila baada ya miezi kadhaa, inaona watoto kidogo inaondoka. Huyo mmoja akiugua, akienda likizo ya uzazi, akipata kazi mjini (na wengi wanapata), foleni haipungui mwendo, inasimama. Uzuri wake ni mmoja ambao mjini huupati kirahisi: nafasi za ghafla. Mtu akighairi asubuhi, anayekaa karibu ndiye anaitwa. Ndivyo tulivyopata sisi, saa moja na nusu asubuhi simu inaita, "Mama, mnaweza kufika saa nne?" Tulifika saa tatu.

*Anayepima.* Mara nyingi ni daktari wa watoto wa kawaida aliyejiongezea mafunzo. Usimdharau. Chuo Kikuu cha Missouri kule Marekani kilianzisha ECHO Autism mwaka 2015 kwa sababu hiyo hiyo, daktari aliye mbali na mji anakutana kwa video na jopo la wataalamu, analeta kesi zake, anafundishwa juu ya hizo hizo. Mtoto ambaye dalili ziko wazi daktari wa namna hiyo anaweza kumaliza naye kazi. Pagumu ni pale dalili zikiwa zimejificha, mfano msichana anayewaiga wenzake vizuri mpaka mwalimu haoni kitu, au mtoto mwenye kifafa au kitu kingine juu yake. Hapo daktari mkweli atakwambia nendeni mjini, na unaanza foleni upya.

*Mtoto siku yenyewe.* Huku ndo anakuwa yeye. Kalala kitandani kwake, kala alichozoea. Wetu aliingia, akazunguka chumba mara mbili, akakubali. Daktari alipuliza mapovu ya sabuni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mtoto anacheka anarukaruka anapepea mikono. Alafu daktari akafunga kichupa, akakishika kifuani, akanyamaza. Mimi nikadhani amesahau kinachofuata. Mtoto hakumwangalia usoni, hakunyoosha kidole, hakutoa sauti, aliushika mkono wa daktari kwenye kifundo akausogeza mpaka kwenye mfuniko, kama mtu anavyotumia koleo. Kalamu ikaandika. Ule ukimya ndo ulikuwa kipimo chenyewe, mimi nilikuwa nasubiri kipimo kianze.

*Ripoti na baadaye.* Ripoti inaweza kuwa fupi, kurasa mbili tatu, na kuna shule itataka maelezo zaidi. Ila aliyeandika unamfahamu, unaenda dirishani unauliza. Shida inakuja baadaye, unaweza kupata jibu halafu mtaalamu wa spichi aliye karibu awe naye na foleni yake.

*Inamfaa* mtoto mdogo mwenye dalili za wazi, mtoto asiyeweza safari, na familia inayoweza kunyanyuka ikipigiwa leo kwa leo.

2. Kumpeleka mjini

*Muda.* Hapa kuna milango miwili. Hospitali kubwa ya umma ina wataalamu wengi lakini rufaa za mikoa yote zinaishia pale, hivyo wifi na jirani wote wawili wako sahihi: watu ni wengi, na foleni inasogea kila wiki. Kinachopendeza ni kwamba ukishaingia ndani mambo huwa yanakaa pamoja, masikio, spichi, mwanasaikolojia, ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo unasubiri sana nje, kidogo ndani, kinyume cha mkoani ambako unasubiri kidogo kidogo kila mlango. Kliniki binafsi mlango wake ni mwepesi zaidi kwa mwenye uwezo, ila rudi kwenye kigezo cha kwanza, uliza ripoti, maana kuna anayekuona baada ya wiki mbili akaandika baada ya miezi.

*Anayepima.* Hapa mjini unapata timu, na kwa mtoto mgumu kusomeka hili ndo lina thamani. Vigezo vya DSM-5, kitabu cha Wamarekani cha kutambua matatizo ya akili, vinavyotumika tangu 2013 vinataka dalili kwenye pande mbili, upande wa mawasiliano na kuhusiana na watu, na upande wa tabia za kujirudia, ambako siku hizi wanahesabu hata mtoto anayeziba masikio kwa kelele ndogo. Macho manne yanaona ambacho mawili yatakipita. Waulize kama kuna mtu wa lugha yenu, na kama hakuna waombe mkalimani mapema, sio siku ile.

*Mtoto siku yenyewe.* Jamani. Saa saba za basi, usiku kwenye nyumba ya watu, asubuhi chumba cha kusubiri chenye taa inayomulika mulika na watoto kumi wanalia. Wetu aliingia chini ya meza akabaki huko. Mtaalamu alikaa naye sakafuni karibu dakika ishirini, mtu mzuri kabisa, mwisho akaandika kwamba tathmini haikukamilika, tukapewa tarehe ingine miezi minne mbele. Simlaumu. Angeandika nini na alichokiona ni soli za viatu? Ila kama mjini ndo chaguo lako, fika siku moja kabla, mpitishe mtoto kwenye lile jengo jioni aone korido, na waombe miadi ya asubuhi kabla hawajajaa. Wengine wanakubali ukiwaambia mnatoka mbali, shida ni kwamba hatusemi.

*Ripoti na baadaye.* Ripoti ndefu, sahihi nyingi, mara chache inakataliwa. Lakini mapendekezo yake yanaweza kuandikwa na mtu asiyejua unakoishi. Kuna mama niliyekaa naye kwenye benchi aliandikiwa mtoto apate tiba mara tatu kwa wiki, na kwao anayetoa tiba hiyo hayupo kabisa. Waambie mkiwa bado chumbani: huku kwetu kuna hiki na hakuna kile, niandikie ninachoweza kukifanya.

*Inamfaa* mtoto mkubwa kidogo, mtoto ambaye watu hawakubaliani kuhusu yeye, mwenye ugonjwa mwingine, na anayehitaji karatasi isiyoulizwa maswali.

3. Kwa video

*Muda.* Mara nyingi ndo njia ya haraka zaidi, kwa sababu mtaalamu aliyeghairiwa saa nane anaweza kumwona mtoto aliye kilomita mia tano. Lakini video haipimi masikio wala haimkagui mwili, hivyo zile foleni zingine bado unazo.

*Anayepima.* Uliza anatumia kipimo gani, hili swali usilione aibu. ADOS-2 yenyewe haifanyiki kupitia skrini, anayepima anatakiwa awe chumbani na mtoto, na hata wakati wa korona mwaka 2020 barakoa zilikivuruga kwa sababu kinategemea nyuso. Kuna vilivyotengenezwa kwa ajili ya umbali, kama TELE-ASD-PEDS cha watu wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani, ambacho kililenga watoto wa chini ya miaka 3, mzazi anacheza na mtoto huku mtaalamu anaangalia. Ukimsikia mtu anasema anafanya kipimo cha ana kwa ana kwa njia ya simu, muulize tena.

*Mtoto siku yenyewe.* Yeye ana raha, kazi ni yako. Nilikuwa nimeegemeza simu kwenye ndoo, kipokea sauti sikioni, naambiwa "mwite jina mara moja tu, usirudie." Jaribu wewe kumwita mtoto wako mara moja, asigeuke, ukae kimya. Mdomo unawasha. Mara mbili nilirudia na mara mbili mtaalamu akasema kwa upole, "Mama, tungoje." Alafu mtandao ukakatika tukiwa katikati ya mchezo wa kujificha, mtaalamu aliporudi hewani mtoto alikuwa ameshaondoka na mfuniko wake.

*Ripoti na baadaye.* Hapa ndo pa kuwa makini zaidi. Kabla ya kukubali piga simu kule unakopeleka ripoti, shuleni au ofisi ya huduma, uliza kama wanapokea ya video. Sisi tulipewa barua inayosema dalili ni nyingi ila mtoto aonwe ana kwa ana. Nilikasirika, nikaona nimepoteza muda. Baadaye barua ile ile ndo iliyotusogeza mbele kwenye listi ya mkoani, kwa hiyo sijui niseme nini.

*Inamfaa* mtoto mdogo sana mwenye dalili za wazi, familia ya mbali yenye mtandao wa kueleweka, na anayetaka kujua aelekee wapi wakati foleni kubwa inaendelea.

Mambo yasiyohitaji foleni

Ukichagua yoyote hapo juu bado utasubiri, na wanaosema subira yavuta heri hawajawahi kusubiri simu ya hospitali. Wakati huo kuna vitu havihitaji jibu. Kipimo cha masikio omba sasa hivi, usisubiri waseme. Mtoto wa miezi 16 hadi 30 mjazie M-CHAT-R, fomu ya mzazi ya kuchuja dalili, ni maswali 20 ya ndiyo na hapana, inapatikana bure: alama 0 hadi 2 hatari ni ndogo, 3 hadi 7 kuna maswali ya kufuatilia, 8 kwenda juu mpeleke moja kwa moja kwenye tathmini. Haisemi kama ana usonji, inasema kama ana sababu ya kuangaliwa, na daktari akiiona kwenye faili anaelewa haraka. Mtaalamu wa spichi hahitaji neno "usonji" ndo aanze kazi na mtoto asiyeongea. Na Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya wazazi na walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, hayadai mtoto awe na jibu. Ulizia kama yanatolewa karibu nawe.

Rekodi pia vipande vifupi kwenye simu, dakika moja moja. Akicheza peke yake, akiitwa jina, akiwa na watoto wenzake, akikasirika. Chini ya meza mjini nilitamani ningekuwa navyo.

Sasa uende wapi

Mtoto chini ya miaka 3, haongei, haangalii, hana ugonjwa mwingine: anza na video kama ripoti itapokelewa, na jina liwe mkoani wakati huo huo.

Mtoto anakaribia kuanza shule na shule inataka karatasi: waulize kwanza wanataka sahihi ya nani, alafu chagua mlango unaotoa sahihi hiyo hata kama ni wa mbali. Miezi uliyookoa kwa ripoti inayokataliwa hujaiokoa.

Madaktari wawili wamekupa majibu mawili, au ni binti ambaye nyumbani analipuka na shuleni ni malaika: mjini, kwenye timu, na beba rekodi zako.

Mtoto anaanguka kifafa, au ameanza kupoteza maneno aliyokuwa nayo: hii usiiweke kwenye foleni yoyote ya usonji, mwone daktari sasa na useme neno hilo, amepoteza maneno.

Huna wa kumwachia watoto wengine, kazi haikupi ruhusa ya siku tatu: mkoani, na nenda dirishani mara moja kwa mwezi ukawaambie unaweza kuja ghafla mtu akighairi. Waandike namba mbili za simu.

Na kama umeshajiandikisha sehemu mbili kama mimi, piga leo uulize jina bado liko kote kuwili. La kwetu mkoani lilifutwa siku ile mjini walipopokea rufaa, hakuna aliyetuambia. Nililijua kwa bahati tu, nimeenda kuuliza kitu kingine, nesi akapitisha kidole kwenye daftari juu mpaka chini, akarudia, akaniangalia. Akaliandika upya kwa kalamu nyekundu pembeni, kwenye tarehe yetu ya zamani.